Mturudishie Tone Letu la Oili

Kwa Mwenyekiti wa Mafundi Pikipiki,
Karakana za nyuma ya soko.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na vidole vyako vyote viko mahali pake, maana najua kazi yenu ni ya kubanwa na vyuma. Sisi huku wazima wa mwili. Ya moyo utayasoma hapa chini.

Mimi ni bibi wa ile nyumba ya geti la buluu, mkabala na mashine ya kusaga nafaka. Shule sikwenda hata kwa kupita uani. Barua hii anaiandika mkaza mwanangu, ambaye anauza kwenye duka la dawa, na tofauti na madaktari anaosoma vyeti vyao vya dawa kutwa nzima, mwandiko wake unasomeka. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kulainisha maneno yangu. Akilainisha nitajua, kwa sababu nikimaliza atanisomea yote, na kwa sauti, maana sikio langu la kushoto limeshastaafu.

Najua kila siku unaletewa malalamiko na watu waliotengenezewa pikipiki vibaya. Mmoja kawekewa breki zisizoshika, mwingine kafungiwa taa inayoangaza juu kama inatafuta popo. Lalamiko langu si hilo. Mimi nalalamika kwamba mwanachama wako, yule mnayemwita Fundi Miwani, ametengeneza pikipiki ya mjukuu wangu, ikatengenezeka. Ilikuwa inavuja oili. Sasa haivuji hata ukiibembeleza. Na kwa sababu hiyo nyumba yangu inabomoka. Naomba kwa heshima zote aje airudishe ilivyokuwa.

Usicheke kwanza. Soma.

Mwanangu ni fundi bomba. Huenda hata bomba la nyumbani kwako ni mkono wake. Mwanawe, huyu mjukuu wangu, alikua akimshikia spana, na sote tukajua kazi itabaki nyumbani. Kisha mtoto akaja na pikipiki, akasema yeye anataka kubeba abiria. Baba yake akamwambia mbele za watu, "Nimekufundisha kupeleka maji kwenye nyumba za watu, wewe unaona sifa kupeleka watu wenyewe!" Na mtoto, mdomo wake kaurithi kwangu, akajibu, "Angalau abiria wangu wakishuka wanasema asante."

Basi. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Wanaishi ndani ya geti moja, wanakula sufuria moja, lakini maneno yao yote yanapita kwangu. "Mama, mwambie mwanao asogeze pikipiki yake." Na mwanawe amesimama pale pale, mswaki mdomoni, anasikia kila kitu. "Bibi, mwambie Baba nimeshaisogeza." Na baba anaiona imeshasogea. Mimi katikati nimekuwa simu ya mezani, Mwenyekiti, na hata simu ya mezani huwa inapumzishwa.

Sasa asubuhi moja nikakuta tone la oili kwenye kibaraza changu, chini ya pikipiki. Tone dogo, jeusi, la mviringo, linanitazama kama jicho la kuku. Kibaraza hicho nakipiga deki mwenyewe, kwa magoti yangu mwenyewe, kwa hiyo nilipiga kelele mpaka mashine ya kusaga ikanyamaza. Mjukuu akatoka na tambara. Mwanangu alikuwa pale kwenye tangi la maji, anajiandaa kwenda kazini. Akasikia neno "inavuja".

Wewe hujui neno hilo linamfanya nini mtu wa bomba. Hawezi kupita. Hata kama kinachovuja ni cha adui yake, miguu inakwenda yenyewe. Alikuja, akachuchumaa, akaliuliza lile tone, "Linatoka wapi?" Hakumuuliza mtu. Na mjukuu naye, huku akiwa anaiangalia injini, akajibu, "Hata sijui."

Mimi nilirudi ndani nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria. Sikukipata haraka, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

Kuanzia hapo kila jioni wakawa wanatandika boksi chini, wanalala chali, mmoja huku na mwenzake kule, miguu minne imetokeza kama wamegongwa na hiyo hiyo pikipiki. Na kelele! "Ni boliti ya kumwagia oili hii." "Si boliti, ni gasketi ya pembeni." "Unanifundisha kuvuja, mimi?" "Hii si sinki, Baba!"

Kasema Baba, Mwenyekiti. Tena kamwambia yeye mwenyewe, hakunituma mimi.

Nikawa nasikia nyumba yangu inapumua. Mkaza mwanangu akawa anapika huku anaimba, jambo ambalo amekataa kuliandika lakini nimemlazimisha. Ndipo akaja huyo fundi wako. Malalamiko yangu ni haya:

La kwanza ni haraka yake. Hakuitwa kwa ajili ya oili. Alipita kurudisha kioo cha pembeni cha pikipiki, akawakuta wangu wawili wako chini wanabishana. Watu wote waliostaarabika wangelala chini nao. Yeye hata goti hakukunja. Aliinama kwa juu, akavua miwani, akaingiza kidole chini ya tangi la petroli, kule juu kabisa ya injini, penye kifuniko kidogo cha mviringo wanachokiita cha tapeti. Kidole kikatoka kimelowa. Akasema, "Hapa." Neno moja! Akaeleza kwamba oili ilikuwa inatoka huko juu kidogo kidogo, pikipiki ikitembea upepo unaisukuma, inateremka kwenye mwili wa injini kwa siri, inakuja kuning'inia kwenye boliti ya chini ndipo inadondoka. Akatoa kijipira chakavu cha mviringo, akaweka kipya, akafunga, akaenda. Chai niliyokuwa nimemwekea jikoni haikuwahi hata kuchemka. Mgeni gani huyo? Fundi mwenye adabu angesema, "Ngoja nirudi wiki ijayo nifikirie." Mbona wengine wenu wanasema hivyo siku zote?

La pili ni poda yangu. Hao wangu walikuwa na utaratibu wao, na ulikuwa mzuri. Mwanangu alisema kwenye bomba unapangusa pakakauka, kisha unangoja uone unyevu unaanzia wapi. Mjukuu akasema kwenye pikipiki unapangusa, unapaka poda, unaenda mzunguko mmoja, unarudi kuangalia poda imelowa wapi. Wakaunganisha akili. Wakaja kwangu kuomba poda, wote wawili mlangoni, wamesimama bega kwa bega kama wamekuja kuposa. Nikawapa. Niliwapa ya kutosha tumbo la pikipiki tu, ya juu sikuwapa. Waliniona mchoyo. Sikuwa mchoyo. Ningewapa kopo zima wangepaka mpaka juu, wangepata jibu jioni ile ile, na mimi ningebaki na nini? Sasa nimejinyima poda, nimenuka jasho mbele za watu, nimepanga mambo yangu vizuri, halafu mtu mwenye miwani anakuja kuvuruga kwa kidole kimoja.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Aliwakosesha wote wawili. Kama angesema ni boliti, mwanangu angeshinda, angetamba mpaka mwaka uishe, na mwenye kutamba anahitaji mtu wa kumtambia. Kama angesema ni gasketi, mjukuu angemcheka baba yake, na baba angemfukuza na kandambili kuzunguka tangi, na hayo nayo ni mapenzi. Lakini alisema, "Si boliti wala gasketi." Nilikuwa nimesimama hapo. Niliona sura mbili zinafungwa kwa pamoja kama maduka wakati wa mvua. Mwanangu akakunja boksi. Mjukuu akachukua tambara. Mmoja kaenda kunawa, mwingine kaenda stendi.

La nne. Kibaraza changu sasa ni kisafi. Nakitazama nachukia.

La tano, simu ya mezani imerudi kazini. "Mama, mwambie mwanao geti halijafungwa." "Bibi, mwambie Baba ufunguo anao yeye." Na kuna jambo jipya ambalo hawajalileta kwangu, lakini nyumba hii ni yangu na kuta zake zinaniambia. Mjukuu ametafuta chumba cha kupanga, karibu na stendi, anahama mwisho wa mwezi. Simzuii kuhama. Ni mwanaume, ana ndevu, mwacheni ahame. Lakini anahama bila kumuaga baba yake, na baba yake anajua, anajifanya hajui, anaamka alfajiri anaondoka ili asimuone akikunja godoro. Mtoto akitoka kwenye geti langu namna hiyo, hata arudi mara ngapi atakuwa anarudi kama mgeni. Mimi nimezeeka, Mwenyekiti. Sina miaka mingi ya kusubiri watu wawili wakaidi waone aibu.

Hapa mkaza mwanangu ameweka kalamu chini. Nimemngoja. Haya, ameshika tena.

La sita ni yale ambayo fundi wako amenifanya niyafanye. Nilijaribu kulegeza bomba la jikoni. Mwanangu alilikaza akipita, kwa mkono mmoja, huku anakula ndizi, hata hakusimama. Nikamwambia mjukuu pikipiki yake inatoa mlio wa ajabu. Akasema, "Bibi, sikio lako la kushoto hilo." Mwisho, nasema haya kwa uchungu, nilichukua mafuta jikoni nikadondosha kidogo chini ya pikipiki, nikapiga kelele kama ile ya kwanza. Walikuja wote wawili mbio! Wakachuchumaa! Moyo wangu ukaruka. Mwanangu akachovya kidole, akanusa, akanigeukia, akasema, "Mama, haya ni ya kukaangia." Wakaondoka, kila mtu njia yake. Umeona fundi wako alikonifikisha? Mwanamke wa umri wangu anakichafua kibaraza chake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hayo, nina maombi, na naamini ukiwa mtu mzima mwenye familia utayaona ni madogo.

Ombi la kwanza, Fundi Miwani aje, atoe kile kijipira kipya, arudishe kile chakavu. Nasikia hamtupi kitu karakana kwenu, kwa hiyo kipo. Sitaki uvujaji wa kumharibia mtu injini. Nataka ule ule wetu, wa tone kwa usiku, kama jasho la mtu mwenye aibu. Mjukuu alikuwa anapima oili kila asubuhi na alikuwa anasema haijapungua hata kwa kuonekana. Yaani ulikuwa uvujaji mwema. Ulikuwa unakaa nasi vizuri.

Kama haiwezekani mahali pale pale, basi atuletee mwingine, ila mahali pa kufikirisha. Usiwe juu sana, mwanangu mgongo unamuuma. Usiwe wazi sana, mjukuu ana macho makali. Uwe wa kuwachukua mpaka mwisho wa mwezi, na ikibidi upite hapo.

Ombi la pili ni kwa chama chenu chote. Wekeni kanuni kwamba fundi asizibe kitu chochote kinachovuja kabla hajauliza wenye nyumba kinawasaidia nini. Daktari wa meno hakung'oi jino bila kukuuliza. Iweje ninyi mng'oe jambo lililowaweka watu pamoja, halafu mpanguse mikono kwa tambara na kuondoka mnapiga mluzi? Fundi akifika aanze kwa kuhesabu miguu iliyotokeza chini ya pikipiki. Ikiwa miwili, atengeneze. Ikiwa minne, asalimie apite.

Na ombi la tatu, ambalo naona mkaza mwanangu ameshaanza kutikisa kichwa kabla sijalisema. Nimelala nikalifikiria nikaona kumbe shida si yangu peke yangu. Mtaa huu umejaa watu wasiosemeshana. Yule mwenye mashine ya kusaga na mkewe. Wale mapacha wenye duka la nguo. Kila nyumba ya namna hiyo ipewe kitu kinachovuja, kulingana na ugomvi wake. Ugomvi mdogo, tone. Ugomvi wa mirathi, wapewe gari zima, tena bovu. Mngekuwa na kitengo chenu cha kulegeza, na fundi mwenye mkono mwepesi angepandishwa cheo. Mwishowe wenye viwanda wenyewe wataona faida, watakuwa wanazitoa pikipiki huko huko zikiwa zinadondosha kidogo, na kwenye sanduku wameweka boksi la kulalia watu wawili. Mimi niko tayari kuja kutoa mafunzo kwa mafundi wako, bila malipo, ila mnifuate, na mnifuate na kitu chenye magurudumu manne.

Nimesema bila kificho kwa sababu sijui namna nyingine. Nisalimie mama watoto wako, na watoto, na mama yako kama yupo, mwambie namuonea huruma kwa kuwa na yeye alizaa fundi. Nisalimie wote wa hapo karakana, yule wa kuchomelea, yule wa kuziba pancha, na dada anayewapikia mchana. Nisalimie hata Fundi Miwani. Mwambie sina kinyongo, ila chai yake bado anadaiwa kuja kuinywa, na akija asiguse kitu.

Nakuachia hapa, nikisubiri hatua kali.

Ni mimi, Bibi wa geti la buluu.
(Alama hii ni kidole gumba changu. Usianze kuinusa, ni wino.)

Nyongeza, kabla bahasha haijafungwa:

Mwenyekiti, kumetokea jambo. Mkaza mwanangu alinisomea barua hii kama nilivyotaka, kwa sauti kama nilivyotaka, na amesoma kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Kumbe mwanangu hakuwa amekwenda kazini, alikuwa nyuma ya tangi. Kumbe mjukuu hakuwa stendi, alikuwa chumbani kwake anafunga nguo kwenye mfuko. Wametokea wote kwa pamoja, mmoja mlango huu, mwingine mlango ule, nyuso zimewaiva.

Mwanangu akasema, "Mama, barua hii haiendi popote. Unataka kutuaibisha mtaa mzima?" Nikasema inakwenda. Akasema haiendi. Nikamgeukia mjukuu, maana huyo siku zote ni wangu, hata akiua atakuwa wangu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mwambie baba yako barua inakwenda." Akatazama chini. Akakuna ndevu. Akasema, "Hapana Bibi. Baba anasema kweli."

Nimeishi sana, sijawahi kushindwa nikafurahi hivyo.

Basi wakanisimamia wote wawili wananigombeza, kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Na mafuta ya kukaangia wakayataja. Na poda, wakanirudia kuhusu poda! Katikati ya kunigombeza mwanangu akageuka ghafla akamuuliza mwanawe, "Na hicho chumba chako, bomba zake nani kakagua?" Mtoto akasema hakuna aliyekagua. Baba yake akasema, "Unahamia kwenye chumba hujui maji yanaingilia wapi? Mimi nilikufundisha hivyo?" Mtoto akasema, "Twende basi ukaone."

Wameondoka sasa hivi. Mwanangu, aliyeapa hatapanda kitu hicho mpaka kaburini, amekaa nyuma na mfuko wake wa spana mapajani, amemshika mwanawe kiuno kwa mikono miwili, na walipopita getini alikuwa anapiga kelele, "Polepole! Polepole wewe! Umebeba baba yako!" Chini yao kumekauka kabisa, hakuna tone.

Kwa hiyo usichukue hatua yoyote. Kijipira kibaki kilipo. Mafundi wako wazibe kila kitu wanachokiona, hata cha wale mapacha. Barua nakutumia hivyo hivyo, kwa sababu mkaza mwanangu ameiandika kwa shida na mwandiko ni mzuri. Ila wale wawili nimewaahidi nitaichana, na wamesema jioni watarudi pamoja kuhakikisha. Nakuomba sana usijibu.